Mitaa Miwili ya Shule: Kumbukumbu za Kikao cha Kumi na Tisa

CHAMA CHA KUAZIMANA VIFAA VYA WAGONJWA
KAMATI TENDAJI

Tarehe: Jumamosi, tarehe 14
Mahali: Stoo ya chama, chumba cha nyuma ya kinyozi

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (kinyozi, mwenye chumba)
2. Katibu (mpiga chapa mstaafu, mwandishi wa kumbukumbu hizi)
3. Mtunza Stoo (muuguzi mstaafu, ambaye wote humwita Sista)
4. Dereva wa gari la chama (anayejulikana zaidi kwa jina la Taratibu)
5. Seremala (mjumbe wa Kanda ya Juu)

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Mshonaji (mjumbe wa Kanda ya Kati). Binti yake amejifungua.

KUMB. NA. 1/19: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na dakika kumi mchana. Aliwaomba wajumbe wabanane kidogo, kwa sababu viti vinne vya magurudumu vilirejeshwa asubuhi hiyo na havikuwa vimepata pa kuwekwa. Sista alikaa juu ya kitanda cha wagonjwa, akasema hapo ndipo palipomfaa zaidi mgongo wake.

Mwenyekiti alieleza kwamba kikao kina jambo moja tu la maana: mashine ya oksijeni iliyochelewa kumfikia mama mzazi wa Seremala siku ya Jumanne, tarehe 3, na namna ya kuhakikisha kosa hilo halitokei tena. Kwanza alimtaka Seremala awape wajumbe habari za mgonjwa. Seremala alisema mama alitoka hospitali Jumatatu, anakula, mashine anayo kitandani, na tangu arudi hajaacha kuulalamikia mto wa hospitali. Wajumbe walishukuru.

Mwenyekiti aliomba watu wazungumze mmoja mmoja. Alipokuwa akisema hivyo alimtazama Seremala.

KUMB. NA. 2/19: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha dharura cha Jumatano, tarehe 4. Aya ya tatu ilisema hivi: "Dereva alikosea njia, akapeleka mashine Mtaa wa Shule, Kanda ya Chini, badala ya Mtaa wa Shule, Kanda ya Juu. Mgonjwa alikaa saa mbili na dakika arobaini bila mashine, mpaka majirani walipompakia kwenye gari la mchanga na kumkimbiza hospitali."

Mwenyekiti aliuliza nani anathibitisha. Sista alinyoosha mkono. Seremala alinyoosha mkono. Dereva alisema yeye hathibitishi.

Alipoulizwa sababu, alijibu: "Sikukosea njia. Nilikwenda nilikoambiwa."

Seremala alisema: "Uliambiwa na nani? Mama yangu anakaa Mtaa wa Shule mwaka wa thelathini na moja huu. Hata mbuzi wanajua."

Mwenyekiti alimkumbusha Dereva kwamba alirudisha funguo za gari kwa hiari yake siku ile ile ya kikao cha dharura, bila kujitetea, na kwamba watu walichukulia amekiri. Dereva alisema mwenye kujua anajua, na kwamba yeye si mtu wa kumchongea mwenzake mbele ya watu.

Hapo Katibu aliomba kuzungumza. Kwa kuwa msemaji na mwandishi ni mtu mmoja, Mwenyekiti aliagiza maneno yaandikwe yote, bila kupunguzwa.

Katibu alieleza kwamba siku ya Jumanne, saa kumi na dakika tano, Dereva alisimama njia panda na kumpigia simu. Aliuliza: "Dada, hii ni Shule ya Juu au Shule ya Chini?" Katibu alikuwa mbele ya kompyuta. Kwenye fomu, kisanduku cha Kanda kilikuwa kimeandikwa Chini. Akamjibu, "Chini." Dereva akauliza, "Una uhakika, Dada?" Katibu akasema, "Kompyuta ndiyo inasema." Simu haikumaliza dakika moja.

Katibu aliendelea kueleza kwamba katika kikao cha dharura, Seremala aliposimama na kupaza sauti akitaka kujua nani aliyekosea, yeye alikuwa ameshika kalamu na aliona kuandika ni rahisi kuliko kusema. Sentensi ile ya aya ya tatu aliitunga mwenyewe. Hakuna aliyemwambia aiandike.

Sista ndiye aliyeanza: "Siku kumi zote hizo, mwenzangu?"

Katibu alikubali kwamba ni siku kumi.

Seremala aliomba ruhusa ya kutoka nje. Alirudi baada ya dakika sita. Alimwambia Dereva: "Kaka, nilikuja mpaka mlangoni kwako nikakuita kichwa maji mbele ya watoto wako."

Dereva alisahihisha kwamba ilikuwa mbele ya mkewe, kwani watoto walikuwa shuleni.

Seremala alisema: "Basi nitakuja niyafute mbele ya mkeo." Dereva alijibu kwamba leo jioni mkewe yupo.

Kisha Seremala alimgeukia Katibu na kusema: "Mama Katibu, wewe hata sijui nikwambie nini." Katibu alisema hana la kudai, na akaomba kujiuzulu papo hapo. Sista alipinga kwa maneno haya: "Ujiuzulu uende kulala? Tengeneza kwanza ulichoharibu, ndipo tuzungumze." Mwenyekiti aliamua kwamba suala hilo lisubiri mwisho wa kikao.

Ilikubaliwa kwamba aya ya tatu ikatwe kwa mstari mmoja, ili maneno ya zamani yaendelee kusomeka, na chini yake iandikwe: "Dereva aliuliza, akapewa kanda isiyo sahihi na Katibu." Wajumbe wote watano walitia saini pembeni. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/19: CHANZO CHA KOSA

Katibu aliwasha kompyuta ya chama na kuwaonyesha wajumbe fomu ya maombi kama ilivyokuwa siku ile. Aliwakumbusha kwamba hifadhidata hii aliianzisha miezi mitatu iliyopita, ni ya kwanza kuitengeneza maishani, na alijifunza kwa mkwe wake kwa njia ya simu.

Fomu ina visanduku viwili vya mahali, kila kimoja na orodha kunjuzi, yaani orodha inayofunguka chini ya kisanduku ukikibofya. Kimoja ni cha Kanda, kingine cha Mtaa. Tatizo ni kwamba visanduku hivyo havikuwa vikijuana. Orodha ya Mtaa ilileta mitaa yote sabini na mitatu ya kanda zote tatu, na Mtaa wa Shule ulionekana mara mbili, mmoja juu ya mwenzake, bila tofauti hata ya herufi. Kisanduku cha Kanda nacho kilijijaza chenyewe jina la kwanza kwa mpangilio wa herufi, nalo ni Chini. Usipokigusa, kila mgonjwa anakuwa mkazi wa Kanda ya Chini, na siku ile Katibu hakukigusa.

Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyeiambia kompyuta ijijaze yenyewe. Katibu alijibu kwamba ni yeye, akidhani anarahisisha kazi.

Seremala alitaka kuona kwa macho yake. Alichagua Kanda ya Kati, kisha akachagua mtaa ambao kila mtu anajua uko Juu. Kompyuta ilipokea na kuhifadhi bila neno. Alisema: "Kumbe hii haina akili hata kidogo." Katibu alikubali, akaongeza kwamba yeye aliiamini kama vile inayo.

KUMB. NA. 4/19: HOJA YA KURUDI KWENYE DAFTARI

Sista alitoa hoja kwamba chama kirudie daftari lake jekundu, alilolitunza miaka tisa. Alisema daftari halijijazi lenyewe, na kwamba yeye akiandika kwa mkono anamwona mgonjwa usoni.

Dereva aliomba kukumbusha, kwa heshima zote, kwamba daftari hilo hilo lilimpeleka na magongo mara mbili kwenye nyumba ambazo mgonjwa wake alikuwa ameshazikwa, na mara ya pili alikuta watu bado wako matangani. Sista alisema hilo ni kweli, lakini wafiwa ndio waliochelewa kutoa taarifa.

Katibu alisema kwamba mwezi ule Sista alipolazwa, hakuna mtu aliyeweza kusoma mwandiko wake, na kitanda kimoja kilitafutwa wiki tatu. Sista alijibu kwamba mwandiko wake unasomwa na anayejua kusoma. Mwenyekiti aliwaomba wote wawili wasifike huko.

Baada ya majadiliano ilikubaliwa kwamba kompyuta iendelee, lakini orodha ya mitaa isitungwe tena kwa kumbukumbu za Katibu peke yake. Ichukuliwe kutoka kwenye daftari jekundu, Sista akisoma na Dereva akisahihisha, kwa kuwa ndiye anayezikanyaga barabara hizo. Sista alifungua daftari kabla azimio halijamalizwa kuandikwa.

KUMB. NA. 5/19: KUUNGANISHA ORODHA MBILI

Kazi ilianza saa tisa kasoro robo.

Katibu alieleza kwamba yatahitajika majedwali mawili. La kwanza ni la Kanda, lenye mistari mitatu tu, na kila kanda ina namba yake. La pili ni la Mitaa, na kila mtaa, pembeni ya jina lake, unaandikwa namba ya kanda yake, kama vile mtoto anavyoandikwa ubini. Mtaa wa Shule wa Juu na Mtaa wa Shule wa Chini watabaki na jina moja, lakini wazazi tofauti.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini isiandikwe kanda kwa jina badala ya namba. Katibu alijibu kwamba jina linaweza kubadilishwa au kukosewa herufi, na likikosewa mtaa unakuwa yatima, hauonekani popote. Namba ya kanda haibadiliki.

Sista alisoma mitaa mmoja mmoja. Katibu aliandika. Dereva alisahihisha mitaa sita. Miwili ilikuwa imebadilishwa jina, mmoja ulikuwa umekatwa katikati na barabara mpya, na mitatu Sista alikuwa ameiweka kwenye kanda isiyo yake tangu daftari lianze. Kuhusu mitatu hiyo, Sista aliyakubali marekebisho baada ya kuvaa miwani, kuivua na kuivaa tena.

Kisha Katibu alikipa kisanduku cha Mtaa agizo jipya: kisilete mitaa yote, bali kilete ile tu ambayo namba yake ya kanda ni sawa na ya kanda iliyochaguliwa kwenye kisanduku cha kwanza. Kisanduku cha Kanda kiliondolewa tabia ya kujijaza. Sasa kinaanza kitupu, na fomu haihifadhiki kikiwa kitupu.

Seremala aliombwa ajaribu. Alichagua Juu, mitaa ishirini na miwili ikatokea, yote ya Juu. Akachagua Mtaa wa Shule. Mwenyekiti alianza kupiga makofi, lakini Seremala alimzuia. Alirudi kwenye kisanduku cha kwanza akabadilisha Juu kuwa Kati. Mtaa wa Shule ulibaki pale pale, ingawa Kati hakuna mtaa wa jina hilo. Alipofungua orodha ya pili, ilikuwa bado imeshikilia mitaa ya Juu.

Seremala alisema: "Hapa ndipo mama yangu alipopotelea." Hakusema kwa ukali.

Katibu alieleza kwamba kisanduku cha pili hakijui kwamba cha kwanza kimebadilika mpaka kiambiwe. Lazima kanda ikibadilishwa, mtaa uliochaguliwa ufutwe na orodha isomwe upya. Aliandika agizo hilo. Kompyuta ilitoa onyo kwa maneno mengi mekundu. Sista alicheka. Katibu alimpigia mkwe wake simu, lakini mkwe alikuwa darasani na hakupokea. Ikabidi Katibu asome onyo neno kwa neno, na baada ya robo saa akagundua kwamba kisanduku kinaitwa "Kanda", naye kwenye agizo ameandika "Kadna".

Ikumbukwe kwamba Katibu alipiga chapa kwa miaka thelathini na miwili. Mwenyekiti alishauri hilo lisiandikwe. Katibu ameliandika.

Baada ya kusahihisha, Seremala alibadilisha kanda mara nane mfululizo. Kila mara kisanduku cha Mtaa kilijisafisha na kuleta mitaa ya kanda husika. Makofi yaliruhusiwa.

KUMB. NA. 6/19: MITAA YENYE JINA MOJA

Sista aliizima furaha hiyo. Alisema: "Nimekaa nimeangalia, na hakuna mlichokitibu. Katibu akikosea tena akachagua Chini, Mtaa wa Shule si utatokea tu? Upo na kule. Na mgonjwa atakosa hewa vile vile."

Katibu alikiri kwamba Sista amesema kweli, na kwamba hakuwa amelifikiria.

Hapo Dereva alisema: "Mimi sijawahi kufika kwa mtu kwa jina la mtaa. Nafika kwa alama. Ukiniambia karibu na tangi, nafika. Ukiniambia nyuma ya kiwanda cha matofali, nafika. Watu wanaopiga simu nao ndivyo wanavyoelekeza. Ninyi mnaandika mtaa, alama mnaziacha kwenye simu."

Mwenyekiti alimuuliza Katibu kama inawezekana orodha ya tatu ifuate ya pili kama ya pili inavyofuata ya kwanza. Katibu alisema njia ni ile ile: jedwali la Alama, kila alama na namba ya mtaa wake. Dereva alianza kutaja. Mtaa wa Shule wa Juu: tangi la maji, karakana ya Seremala, ngazi za mawe. Mtaa wa Shule wa Chini: kiwanda cha matofali, daraja la miguu, mashine ya kusaga.

Jaribio lilifanywa. Sista alijifanya mgonjwa anayepiga simu, akakohoa zaidi ya ilivyohitajika, akasema yuko Mtaa wa Shule karibu na tangi. Katibu kwa makusudi alichagua Chini, kisha Mtaa wa Shule. Orodha ya tatu ikafunguka. Tangi halikuwamo.

Dereva alisema: "Hapo sasa. Ukikosa tangi, unajua umekosea kanda. Hata mimi huna haja ya kuniambia."

Ilikubaliwa kwamba Dereva alete alama za mitaa yote iliyobaki ndani ya wiki mbili. Kwa kuwa hawezi kuzitaja bila kuziona, ilikubaliwa pia kwamba arudishiwe funguo za gari leo. Mwenyekiti alizitoa kwenye droo ya nyembe na kumkabidhi. Dereva alizitazama kwanza moja moja, kisha akazitia mfukoni. Alimwambia Katibu: "Dada, siku nyingine nikikuuliza kama una uhakika, sema huna." Katibu aliahidi hivyo.

KUMB. NA. 7/19: NAFASI YA KATIBU

Mwenyekiti alirudia suala lililoahirishwa. Katibu alitoka nje ili wajumbe wazungumze, na sehemu hii imeandikwa kwa maelezo ya Mwenyekiti.

Dereva alisema hana kinyongo. Sista alisema kinyongo anacho, lakini si cha kumfukuzisha mtu. Wote walikubaliana kwamba neno la mwisho ni la Seremala. Seremala alisema kosa la kompyuta angeweza kulifanya mtu yeyote. Kinachomuuma ni zile siku kumi. Hata hivyo, aliona leo mwanamke akisoma makosa yake kwa sauti mbele ya watu na kuyaandika kwa mkono wake mwenyewe, hata yale aliyoambiwa ayaache, na haoni ni nani mwingine angemkabidhi kalamu hiyo. Alipendekeza Katibu aendelee kwa sharti moja: kwenye jedwali la maombi iongezwe sehemu ya kuandika kila simu ya Dereva, saa iliyopigwa, alichouliza na alichojibiwa.

Ilipitishwa bila kupingwa. Katibu aliitwa ndani na kuarifiwa. Alishukuru. Kwa muda mfupi kikao kilisimama kwa kuwa Katibu hakuweza kuandika.

KUMB. NA. 8/19: MENGINEYO

Saa kumi na nusu simu ya chama iliita. Mpigaji alikuwa mke wa fundi mwashi aliyevunjika mguu, akiomba magongo. Mwenyekiti aliagiza ombi lipokelewe hapo hapo ili wajumbe waone. Katibu alimuuliza mpigaji kanda, akajibu Kati. Alimuuliza mtaa, akajibu Mtaa wa Bustani. Alipomuuliza alama, yule mama alisema nyumba iko mkabala na geti la kijani la bohari, alama ambayo haikuwa imeandikwa. Dereva alisema anaijua, na Katibu aliiongeza.

Dereva alisoma fomu mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, akarudia kwa sauti kanda, mtaa na alama, akachukua magongo na kuondoka. Seremala alimfungulia mlango.

Wajumbe walikubaliana kungoja. Saa kumi na moja kasoro dakika nane Dereva alipiga simu. Kwa mujibu wa sharti la KUMB. NA. 7/19, simu hiyo imeandikwa: alisema amefika, nyumba ndiyo yenyewe, lakini amewahi mno. Fundi mwashi bado anaoga, na mkewe amemwambia asubiri nje. Aliuliza afanye nini. Alijibiwa asubiri.

KUMB. NA. 9/19: KUFUNGA

Wajumbe walitawanyika saa kumi na moja kamili jioni. Sista alibaki kupanga viti vya magurudumu, na Seremala alielekea nyumbani kwa Dereva.

.......................................
MWENYEKITI

.......................................
KATIBU